Namba Tatu Aliyepelekwa Kumi na Moja



Juma hili sitaandika juu ya masomo ya Dominika. Hayo mmekwisha kuyasikia, na kama alivyoninong'oneza mzee mmoja mlangoni, mahubiri yalitosha. Nataka niandike juu ya swali ambalo tangu mwezi Agosti limewagawa wanaume wa parokia yetu kuliko hata lile la rangi ya bati za nyumba ya mapadri. Swali lenyewe ni fupi: yule kijana aliyetolewa namba tatu na kupelekwa namba kumi na moja, je, atatoboa?

Kwa ajili ya akina mama wa WAWATA, ambao wameniuliza mara mbili hizo namba ni za nini, nieleze kidogo. Wazee wetu walijifunza kandanda katika siku ambazo namba ya mgongoni ndiyo iliyokuwa kazi ya mchezaji. Mbili na tatu walikuwa mabeki wa pembeni, tisa mfungaji, saba na kumi na moja mawinga. Siku hizi mchezaji huvaa namba aipendayo, hata tisini na tisa, lakini mashabiki wetu bado huhesabu kwa mtindo wa zamani. Wakisema fulani "ni namba tatu" wana maana kwamba analinda nyuma, upande wa kushoto. Namba kumi na moja yuko upande uleule wa kushoto, ila mbele kabisa, na kazi yake ni kuupokea mpira na kuufikisha kwenye goli la wapinzani. Kwa hiyo kijana huyu hakuhamishwa upande. Amesogezwa mbele hatua hamsini hivi, akaambiwa kwamba sasa yeye ndiye anayengojewa.

Jina lake sitaliandika. Ana miaka kumi na saba, yumo kidato cha nne, na ametajwa vya kutosha chini ya kila mwembe kutoka hapa mpaka Nyamilangano.

Sababu ya kuhamishwa haikuwa ya kiufundi. Winga wetu wa kushoto aliondoka kwenda machimboni Nyarugusu, mkoani Geita, kama waondokavyo vijana wengi wa Ushetu mara tumbaku inapouzwa na fedha ya nauli ikapatikana. Mwalimu anayeifundisha timu alilitazama benchi lake, akaona hana winga mwingine, akamtazama beki wake wa kushoto mwenye mbio na mwenye mguu wa kushoto wa asili, akamsukuma mbele. Mechi ya kwanza kijana alipoteza mpira mara nyingi hata watu wakachoka kuhesabu. Ya pili alifunga goli moja. Ya tatu, dhidi ya timu kutoka Kahama mjini, alifunga mawili, na baada ya filimbi ya mwisho mtu mmoja mgeni, mwenye kofia na daftari, alimwita pembeni akamwomba namba ya simu ya baba yake. Lile daftari ndilo lililoleta mjadala. Magoli peke yake yangesahaulika ndani ya juma moja.

Mjadala una kambi mbili, nami huzisikiliza zote kila Dominika baada ya misa ya pili, kwa kuwa njia ya kwenda kula inapita katikati yao.

Kambi ya kwanza inaongozwa na kijana wa bodaboda ambaye anajua tarehe za mechi za Ulaya vizuri kuliko anavyojua tarehe za zaka. Yeye ana hoja moja, na hoja hiyo inaitwa Gareth Bale. Ni hoja nzuri, nikiri. Bale alinunuliwa na Tottenham kutoka Southampton mwaka 2007 akiwa beki wa kushoto, kijana wa Wales asiyetimiza miaka kumi na minane. Kwa muda mrefu alionekana kama mkosi: katika mechi zake 24 za kwanza za ligi Tottenham haikushinda hata moja, na mkosi huo ulikatika mwezi Septemba 2009. Mwaka uliofuata akasogezwa mbele. Oktoba 2010, kule San Siro, aliifunga Inter magoli matatu peke yake, ingawa timu yake ilipoteza 4-3, na usiku ule mgongoni alikuwa bado amevaa namba tatu. Baadaye akabadilisha jezi, akachukua kumi na moja, na mwaka 2013 Real Madrid wakamnunua kwa bei ambayo dunia ilikuwa haijapata kuiona. "Tatu hadi kumi na moja!" husema kijana wetu wa bodaboda, akigonga tangi la pikipiki yake kwa kiganja. "Baba Paroko, hesabu ni ileile."

Wengine katika kambi hiyo humwongezea Thierry Henry, aliyefika Arsenal mwaka 1999 akitokea Juventus, ambako alipangwa pembeni, akafanywa mshambuliaji wa kati, akakaa wiki kadhaa bila goli huku magazeti yakimcheka, kisha jumla ya magoli yake pale ikafika 228. Hawa wote ni kweli. Lakini nimeona kwamba kambi hii haina hata mfano mmoja wa mtu aliyesogezwa mbele akashindwa, nao lazima wawe maelfu. Aliyeshindwa haandikwi popote, hurudi alikotoka au huacha mpira, na hivyo hana wa kumtolea ushahidi chini ya mwembe.

Kambi ya pili ni ya wazee, na kiongozi wake alikuwa kwa miaka mingi katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Ni mtu wa hesabu za mizani, hapendi kusikia "huenda". Neno lake analolitumia kumwelezea kijana ni "kiraka". Wapenzi wa mpira wa Tanzania wanalijua neno hili: kiraka ni mchezaji anayeweza kuzibwa mahali popote penye tundu. Ni sifa, na pia ni hukumu. (Injili inayo maneno yake kuhusu kiraka kipya na vazi kuukuu, nanyi mnayajua. Sitayatumia hapa, kwa maana baraza la walei limeniomba kwa upole nisiingize Injili katika kila goli.)

Mzee katibu ana orodha yake, nayo ni ya nyumbani. Anaanza na Erasto Nyoni, ambaye mwezi Juni 2007 alifunga goli pekee kule Ouagadougou, Taifa Stars ilipoishinda Burkina Faso 1-0, na watu wazima wakalia barabarani. Nyoni alicheza beki wa pembeni, beki wa kati, na kiungo wa kukaba, miaka na miaka, Azam na kisha Simba, akaheshimiwa kila mahali. Kisha anamtaja Shomari Kapombe, ambaye Simba ilimtumia katikati ya ulinzi, pembeni na hata katika kiungo, akaenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, akarudi mwaka uliofuata kujiunga na Azam, na hatimaye akatulia kuwa beki wa kulia ambaye nchi nzima inamtambua. Na mwisho Farid Mussa, winga hasa, mtoto wa kumi na moja tangu utoto, aliyetoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania, akarudi mwaka 2020 kuichezea Yanga, na huko akajikuta mara kadhaa akipangwa namba tatu.

"Umeona?" huuliza mzee. "Kwetu watu hurudishwa nyuma. Kusogezwa mbele ni habari za televisheni."

Hapo kijana wa bodaboda humwita "babu" kwa heshima zote, kisha humtupia Simon Msuva. Msuva alikuwa winga wa Yanga, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2014/15 kwa magoli 17, akaenda Morocco mwaka 2017 kuichezea Difaa El Jadida na baadaye Wydad, na kadiri miaka ilivyopita akawa anasimama katikati kama namba tisa. Ni yeye aliyeifunga Kenya katika fainali za Afrika za mwaka 2019, na ni yeye aliyeifunga Zambia katika zile zilizochezwa Januari 2024. Mzee hujibu kwamba Msuva alitoka mbele kwenda mbele, jambo ambalo ni sawa na mtu kuhama chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nami, nikisimama katikati yao na njaa yangu, naona mzee ana haki katika hilo. Umbali kati ya tatu na kumi na moja haupimwi kwa hatua za uwanjani.

Siku moja nilimwomba anieleze anapimaje, kwa sababu huwa anasema kwa uhakika mno. Tukakaa kwenye benchi la sakristia, akachukua kokoto saba akazipanga sakafuni. Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa, na wajuzi mnisahihishe.

Beki, alisema, huuona mchezo wote mbele ya macho yake. Wachezaji kumi na tisa wako mbele yake, nyuma yake yuko kipa tu na mwenzake mmoja. Mpira unapomfikia huwa tayari anajua nani yuko wapi. Winga ni kinyume chake. Mpira unakuja kutoka nyuma, adui yuko mgongoni, mstari mweupe uko ubavuni, na goli liko mahali ambapo hawezi kulitazama na mpira kwa wakati mmoja. Akiupokea akiwa ameupa mpira kifua chake chote, amekwisha, atalazimika kuurudisha ulikotoka. Inampasa kuupokea kwa ubavu, mwili ukiwa umefunguka, mguu wa mbali ndio uuguse mpira, ili mguso wa kwanza uwe tayari ni safari. "Mpira haupokelewi kwa miguu," alisema, "hupokelewa kwa macho, kabla haujafika." Tena winga akikimbia mapema ameotea, akikimbia baadaye beki amemfikia. Beki hujibu alichofanya mwenzake. Winga hana budi kuanza yeye, na kuanza ni tabia ambayo mtu huizoea utotoni au huihangaikia miaka mingi.

Nilikwenda mazoezini Alhamisi iliyofuata nikiwa na maneno hayo kichwani. Kwa kweli kijana hupokea vibaya. Hugeuza kifua chote, kama mlinzi anayemsubiri mtu aje, kisha hutumia mbio zake kujiokoa kutoka katika tatizo alilojitengenezea mwenyewe. Dhidi ya mabeki wa hapa kwetu mbio hizo zinatosha. Lakini niliona na jambo jingine, ambalo hakuna kambi iliyolitaja: timu ikipoteza mpira, yeye ndiye wa kwanza kurudi. Mawinga wengi niliowaona husimama na kushika viuno. Huyu alikimbia nyuma mpaka kwenye nafasi yake ya zamani, akaupokonya mpira, akaanza upya. Yaani ubeki haujamtoka. Mwalimu anamkemea kwa hilo, anasema anajichosha bure. Mimi si mwalimu wa mpira, lakini katika hili niko upande wa kijana.

Kuna padri rafiki yangu, tuliyesoma naye seminari, ambaye sasa anahudumu Marekani. Nilimwandikia habari hii, naye akanijibu kwa barua ndefu akisema kwamba huko, katika ule mpira wao wa mikono na kofia za chuma, kuna nafasi ambayo jina lake lenyewe ni "mpokeaji", na kwamba mashabiki hubishana kila mwaka kuhusu vijana waliogeuzwa kuwa wapokeaji. Akanipa mfano wa Julian Edelman. Huyu chuoni Kent State alikuwa mrushaji, yaani yule anayeongoza mashambulizi yote. Mwaka 2009 timu ya New England Patriots ilimchagua katika raundi ya saba, ambayo ni ya mwisho, ikamgeuza awe mpokeaji. Misimu minne akawa mtu wa kuziba matundu, mwaka mmojawapo wakampanga hata katika ulinzi. Msimu wa tano, 2013, alidaka pasi 105. Na mwezi Februari 2019 akatajwa mchezaji bora wa fainali yao kuu. Rafiki yangu alipigia mstari neno moja katika barua yake: minne. Misimu minne ya kujifunza, katika timu tajiri, yenye walimu wa kila kiungo cha mwili, huku akilipwa mshahara.

Barua hiyo nilimsomea mzee katibu, naye akaitikia kwa kichwa. Nilimsomea pia kijana wa bodaboda, naye akasema, "Kumbe alitoboa!" Barua moja, masikio mawili.

Hili neno "kutoboa" nimelifikiri sana. Vijana wa nchi nzima hulitumia kwa maana ya kufanikiwa, kutokea upande wa pili. Lakini huku kwetu, kati ya Kahama na Geita, kila mtu anaye ndugu aliyewahi kuingia duarani, na kwetu kutoboa ni kazi ya nyundo na patasi kabla ya kuwa methali. Wachimbaji wadogo hutoboa mwamba miezi na miezi wakila kwa mkopo wa mwenye duara, wakiamini kwamba mkanda wa dhahabu uko hatua moja mbele. Wapo wanaoufikia. Wapo pia wanaofikiwa na udongo. Mnakumbuka Nyangalata, mwaka 2015, wale wachimbaji waliofukiwa na wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Ila miezi michache baadaye vijana wa vigango vyetu walikuwa wanakwenda machimboni kwa wingi uleule.

Ndiyo maana mjadala wa kijana huyu haukuwa mzaha, hata kama ulikuwa na vicheko. Yule mwenye daftari alipiga simu. Mwalimu akachunguza, akathibitisha kwamba ni mtafutaji wa vipaji wa kweli, anayetafutia timu ya vijana ya klabu moja ya kanda hii. Alitaka kijana aende Mwanza kwa majaribio ya siku nne, acheze winga wa kushoto. Tarehe alizotoa zilikuwa katikati ya Novemba, ndani ya siku zilezile za mtihani wa kidato cha nne.

Habari ilipotoka, mchango ulifanyika usiku mmoja. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku nne, viatu vya kukopa kwa mwanajeshi aliye likizo. Watu wasiotoa kitu katika mavuno ya kanisa walitoa, nami sikusema neno. Kambi zote mbili zilichanga, hata mzee katibu, aliyesema anachangia "ili hesabu ifungwe". Baba wa kijana ndiye peke yake aliyenyamaza. Yeye ni mkulima wa tumbaku, na miezi hii vitalu vinahitaji maji asubuhi na jioni. Ukikosa siku mbili za jua kali, umekosa miche, na aliyekosa miche hana cha kupeleka banini wala mizani. Mtoto huyu ndiye mkono wake wa kulia. Mama yake alikuja kuniona peke yake, akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba wachezaji hulipwa hata wakiumia.

Naomba niseme jinsi nilivyouona uwanja wenyewe wa mambo, mbali na Bale. Zamani kidogo kijana wa Shinyanga au Geita alikuwa na ngazi karibu na mlango wake. Stand United, "Chama la Wana", timu ya stendi kama jina lake lisemavyo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui wakapanda 2015. Geita Gold wakapanda 2021, na msimu huohuo wa kwanza mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa nchi kwa magoli 17, akimpita kwa goli moja Fiston Mayele wa Yanga. Nawaambia, mwaka ule wa 2022 hapakuwa na mtoto mwenye mpira wa makaratasi hapa kwetu ambaye hakuitwa Mpole. Yeye akaenda Lubumbashi kuichezea Lupopo, na hivyo ndivyo ngazi inavyotakiwa kufanya kazi: Geita kwanza, kisha nje. Lakini Stand walishuka 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024. Ngazi zetu za karibu ziliondolewa moja baada ya moja. Anayetaka kuonekana sasa huitazama Mwanza, ambako Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024, au hupanda basi la Dar es Salaam. Kwa hiyo siwalaumu waliosema kwamba daftari kama lile halipiti Ushetu mara mbili.

Nami ninaye wa kumkumbuka. Miaka kadhaa iliyopita kijana mwingine wa parokia hii, kiungo mzuri sana, aliuza ng'ombe wa nyumbani kwa ajili ya mtu aliyejiita wakala, akaacha shule muhula wa mwisho, akafika mjini akakuta namba ya simu haipatikani. Hakurudi shule kwa sababu ya aibu. Leo yuko machimboni, na akija nyumbani Krismasi hukaa nyuma kabisa ya kanisa. Mpira wake ulikuwa safi. Yeye hakuwa kiraka wala hakuhamishwa namba.

Basi tukakutana ofisini kwangu watu watano: baba, mama, mwalimu, kijana na mimi. Mwalimu alisema apelekwe. Baba alisema vitalu. Mama alisema mtihani. Mimi nilisema nataka kumsikia mwenyewe, kwa kuwa tangu Agosti nilikuwa nimesikia maoni ya watu wote isipokuwa yeye.

Alichukua muda. Kisha akasema, na maneno haya nayaandika kwa ruhusa yake: "Baba, wao wanabishana kama nitatoboa. Mimi bado sijajua mahali pa kusimama. Mpira ukija nashtuka. Nikienda Mwanza watanitazama siku nne, wataniona ninavyoshtuka, na wataandika."

Mwalimu akaanza kumtia moyo, nami nikamwomba asubiri. Kijana akaendelea. Alisema kama angeitwa akacheze namba tatu angekwenda hata kwa miguu, maana pale anajijua. Lakini wanamtaka kwa kitu alichokifanya kwa miezi miwili. Anakipenda hicho kitu, alisema, anakipenda kuliko ubeki, na ndiyo sababu hataki kionekane kabla hakijaiva. Alisema "hakijaiva" akimtazama baba yake, na baba yake, mtu anayejua jani la kuvunwa leo na jani la kuachwa wiki moja, aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Sikuwa na la kuongeza. Mwalimu alimpigia mwenye daftari mbele yetu, akaeleza habari ya mtihani, akaomba kijana aangaliwe mwakani. Yule bwana hakukasirika wala hakuahidi. Alisema nafasi ya Novemba itajazwa na mwingine, kwamba namba haibaki bure, na kwamba akipita tena Kahama atauliza. Mwalimu alipokata simu alikaa akiitazama, na naamini yeye ndiye aliyeumia kuliko wote mle chumbani.

Chini ya mwembe habari ilipokewa vibaya. Kijana wa bodaboda hakusema nami Dominika nzima. Alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba Bale hangefika popote kama angezaliwa katika parokia hii. Mzee katibu, niliyemtarajia afurahi, alikasirika pia: alisema sasa hatutajua kamwe nani alikuwa na haki, na mchango wake ulikuwa wa kujua. Fedha iko kwa mweka hazina wa VIWAWA, imeandikwa jina la kila aliyetoa, na anayetaka kurudishiwa afike ofisini. Mpaka leo amefika mmoja tu, naye alichukua nusu.

Siku nne zilizopita nilipita kwenye vitalu vya yule baba alfajiri, nikienda kutoa huduma kwa mgonjwa. Aliyekuwa anamwagilia alikuwa kijana wa bodaboda. Pikipiki aliiegemeza kwenye mti, ndoo mkononi, hataki kunitazama. Kwa kelele za mbali nikatambua kwamba mwanafunzi wetu yuko nyuma ya nyumba, anapiga mpira ukutani na kuupokea kwa ubavu, mguu wa mbali, tena na tena, kabla ya kwenda shule.

Jumamosi ijayo timu inacheza ugenini Bulungwa. Mwalimu amesema atampanga kumi na moja kama kawaida. Namba tatu atacheza mdogo wake yule aliyekwenda Nyarugusu, ambaye mpaka juma lililopita alikuwa kipa.